Mark Felt, Mtu wa Pili wa FBI: Kweli Ipi, Uongo Upi?

Wengi wanaoijua kashfa ya Watergate, iliyoanza kwa uvamizi wa ofisi za Chama cha Demokrasia mwaka 1972, waliijua kupitia filamu. Katika All the President's Men, iliyotoka mwaka 1976, mwigizaji Hal Holbrook anasimama kwenye giza la maegesho ya magari ya chini ya ardhi, akimpa mwandishi kijana vidokezo vinavyomtikisa rais wa Marekani, Richard Nixon. Mtu huyo hana jina, hana cheo, hana jana wala juzi. Ana siri tu. Alikuwa amepachikwa jina la bandia la Deep Throat, na kwa miongo mitatu dunia haikuwa na jina jingine la kumwita.

Mei 31, 2005, jina halisi likajulikana: William Mark Felt, aliyewahi kuwa mtu wa pili kwa madaraka katika Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI. Ungedhani porojo zingeishia hapo. Hazikuishia. Wako waliomgeuza mtakatifu, wako waliomwita msaliti, na kati ya makundi hayo mawili kazi yake ya miaka 31 katika shirika hilo ikasahaulika. Tuyapime madai yanayosikika mara nyingi, moja baada ya jingine.

Dai la 1: Deep Throat alikuwa mtu wa Ikulu ya Nixon

SI KWELI. Ni kweli kwamba washukiwa wengi waliotajwa walikuwa watu wa Ikulu. Henry Kissinger alitajwa, Alexander Haig alitajwa. Mwaka 2000, Leonard Garment, aliyekuwa mwanasheria wa Nixon, aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba mtu huyo ni John Sears, aliyewahi kufanya kazi Ikulu. Mwaka 2003, wanafunzi wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha Illinois walichambua ushahidi pamoja na mwalimu wao, wakamtaja Fred Fielding, mwanasheria mwingine wa Ikulu. Wote walikosea.

Felt alikuwa kachero wa serikali ya shirikisho kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alizaliwa Agosti 17, 1913, katika mji wa Twin Falls, Idaho. Alihamia Washington kufanya kazi katika ofisi ya seneta wa jimbo lake, akasoma sheria jioni katika Chuo Kikuu cha George Washington, kisha akaajiriwa na tume ya serikali inayosimamia haki katika biashara. Huko alipewa kazi ya kuchunguza iwapo karatasi za chooni zilizouzwa kwa jina la Red Cross ziliwafanya wanunuzi waamini kwamba zimeidhinishwa na Msalaba Mwekundu. Kazi hiyo haikumkalia vizuri. Januari 1942 akaingia FBI.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa katika kitengo cha kuwanasa majasusi wa Ujerumani. Baada ya hapo alihamishwa huku na huko, Seattle, New Orleans, Los Angeles, hadi akawa mkuu wa ofisi ya Salt Lake City na baadaye Kansas City. Mwaka 1962 alirudishwa Washington, na mwaka 1964 akakabidhiwa idara ya ukaguzi, ile inayotembelea ofisi za mikoani kutafuta uzembe na makosa. Julai 1971, mkurugenzi J. Edgar Hoover alimpandisha cheo, akabaki chini ya watu wawili tu: Hoover mwenyewe na msaidizi wake wa siku zote, Clyde Tolson. Mtu aliyepanda ngazi zote hizo hakuwa mpinzani aliyejipenyeza. Alilelewa na FBI, akaipenda, na akawa na wivu nayo.

Dai la 2: Hakukuwa na Deep Throat mmoja, walikuwa watu kadhaa waliounganishwa

SI KWELI. Dhana hii ilikuwa na mvuto, kwa sababu ilionekana ajabu mtu mmoja kujua mengi kiasi hicho. Lakini mwaka 2005 waandishi Bob Woodward na Carl Bernstein wa gazeti la Washington Post, pamoja na Ben Bradlee aliyekuwa mhariri wao, walithibitisha hadharani kwamba alikuwa ni Felt. Wapo walioendelea kubisha, hasa watu wa upande wa Patrick Gray, bosi wa Felt wakati ule. Hata hivyo, anayeshika wadhifa wa Felt ndiye hasa anayeweza kujua mengi kiasi hicho, maana taarifa za wapelelezi waliokuwa wakiifuatilia kesi ya Watergate zilipita mezani kwake.

Dai la 3: Alikuwa akiwakabidhi waandishi nyaraka za siri

SI KWELI. Kwa maelezo ya Woodward, Felt hakuwa mtu wa kutoa makaratasi. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha au kukanusha yale ambayo waandishi walikwisha kuyapata kwingine, na kuwaonyesha habari ilikokuwa inaelekea.

Wawili hao walifahamiana kabla ya kashfa. Woodward alikuwa afisa wa jeshi la majini, akitumwa kupeleka nyaraka Ikulu, na ndipo alipokutana na Felt kwenye chumba cha kusubiria. Kijana alikuwa hajui afanye nini na maisha yake baada ya jeshi, akamwomba mzee ushauri, na akaendelea kumpigia simu hata alipoingia katika uandishi wa habari. Watu watano walipokamatwa ndani ya ofisi za Chama cha Demokrasia katika jengo la Watergate, Juni 17, 1972, Woodward tayari alikuwa na namba ya mtu wa kumuuliza.

Simu zilipoonekana kuwa hatari, Felt aliweka masharti yake ya kijasusi. Woodward akitaka waonane, angesogeza chungu cha maua chenye kibendera chekundu kwenye roshani yake. Felt akitaka waonane, mwandishi angekuta saa imechorwa kwenye ukurasa wa 20 wa nakala yake ya New York Times. Walikutana usiku wa manane katika maegesho ya chini ya ardhi huko Rosslyn, Virginia, ng'ambo ya mto Potomac. Habari kubwa ya Oktoba 10, 1972, iliyoeleza kwamba uvamizi wa Watergate ulikuwa sehemu ya kampeni pana ya ujasusi na hujuma za kisiasa, ilichapishwa muda mfupi baada ya mkutano mmoja wa namna hiyo.

Dai la 4: Ndiye aliyetoa agizo maarufu la kuzifuata fedha

SI KWELI. Hiyo ndiyo kauli inayonukuliwa kuliko zote, na haimo katika kitabu cha Woodward na Bernstein cha mwaka 1974. Ilitoka katika filamu, ambayo mswada wake uliandikwa na William Goldman. Felt aliwekewa mdomoni maneno ya msanii, na ulimwengu ukayakariri.

Fedha zenyewe zilifuatwa kweli, lakini si kwa maelekezo ya mtu wa gizani. Ni Bernstein aliyefunga safari hadi Miami na kupata ushahidi kwamba hundi ya dola 25,000 zilizochangwa kwa ajili ya kampeni ya Nixon iliingia katika akaunti ya mmoja wa wavamizi. Habari hiyo ilichapishwa Agosti 1, 1972. Ilikuwa kazi ya mwandishi aliyetoka jasho akigonga milango ya ofisi.

Dai la 5: Hakuna aliyemshuku hadi alipojitaja mwenyewe

SI KWELI. Nixon alimjua mapema mno. Oktoba 19, 1972, mkuu wa utumishi wa Ikulu, H. R. Haldeman, alimweleza rais kwamba anayevujisha habari kutoka FBI ni Mark Felt. Mazungumzo hayo yamo katika kanda ambazo Nixon mwenyewe alikuwa akizirekodi. Haldeman alitahadharisha kwamba wakimgusa, atatoka na kumwaga kila kitu, kwa kuwa hakuna asilolijua ndani ya FBI. Basi wakamwacha kitini. Patrick Gray aliambiwa kuhusu tuhuma hizo, akamuuliza Felt, Felt akakana, na Gray akamwamini.

Mwaka 1974 jarida la Washingtonian na gazeti la Wall Street Journal nayo yalimnyooshea kidole. Alikana. Mwaka 1979 alichapisha kumbukumbu za kazi yake katika kitabu, na humo pia akakana. Kwa hiyo jina lake lilikuwapo mezani muda wote, ila watu walivutiwa zaidi na majina makubwa ya Ikulu.

Dai la 6: Alisukumwa na uzalendo, basi

NUSU KWELI. Kuielewa nusu ya pili, turudi Mei 2, 1972, siku aliyofariki Hoover, aliyeliongoza shirika hilo tangu mwaka 1924. Tolson akajiuzulu, na Felt akawa mtu wa pili. Kiti cha juu, alichoamini amekifanyia kazi miaka 30, Nixon alimpa Patrick Gray, mwanajeshi mstaafu wa majini na mwanasheria asiyewahi kufanya kazi FBI hata siku moja. Gray akawa kaimu mkurugenzi, akisafiri mara kwa mara, na Felt ndiye aliyeendesha shughuli za kila siku.

Baada ya wiki sita, Watergate ikalipuka. Ikulu ilijaribu kuizuia FBI isichunguze, na Felt alikasirika. Hapo uzalendo wa taasisi haukuwa wa kubuni: aliona wanasiasa wakiliingilia shirika alilolitumikia maisha yake. Lakini tamaa ya kiti nayo ilikuwapo. Katika kanda ya Juni 23, 1972, Haldeman anamhakikishia Nixon kwamba Felt atashirikiana nao kuuzima uchunguzi, kwa sababu ni mtu mwenye kutaka makuu. Alimsoma vizuri katika tamaa, akakosea kabisa katika matokeo.

Mwanahistoria Max Holland, katika kitabu chake Leak cha mwaka 2012, anashikilia kwamba Felt alivujisha habari ili Gray aonekane ameshindwa na kiti kiwe chake. Woodward anaona sababu zake zilichanganyika. Ushahidi unaruhusu kusema hivi: ugomvi wa madaraka ndani ya FBI uliwapa waandishi walichohitaji. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Kama kiti ndicho alichokitaka, hakukipata. Gray alijiuzulu Aprili 27, 1973, baada ya kubainika kwamba aliteketeza nyaraka zilizotoka kwenye sefu ya Howard Hunt, mmoja wa wapangaji wa uvamizi. Nafasi ikaenda kwa William Ruckelshaus, mgeni mwingine. Huyo naye alimshuku Felt kuvujisha habari, wakagombana, na Juni 1973 Felt akastaafu.

Dai la 7: Felt ndiye aliyemwangusha Nixon

SI KWELI. Filamu ya mwaka 2017 iliyochezwa na Liam Neeson imelibeba dai hili katika jina lake, ikimwita mtu aliyeiangusha Ikulu. Jina zuri kwa bango, ila historia inakataa.

Nixon aliangushwa na taasisi zenye nguvu ya kumlazimisha mtu aseme. Jaji John Sirica aliwabana wavamizi, na Machi 1973 mmoja wao, James McCord, akamwandikia barua akieleza kwamba walishinikizwa wanyamaze na kwamba ushahidi wa uongo ulitolewa mahakamani. Kamati ya Seneti chini ya Sam Ervin iliwaapisha maofisa mbele ya kamera za televisheni. Julai 16, 1973, Alexander Butterfield alipoulizwa swali la moja kwa moja, alikiri kwamba Ikulu ilikuwa na mitambo ya kurekodi mazungumzo. Kuanzia hapo vita vikawa vya kanda. Julai 24, 1974, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 8 kwa 0 kwamba rais azitoe. Agosti 5 kanda ya Juni 23 ikawekwa hadharani, ikimdhihirisha Nixon akipanga kuitumia CIA kuizuia FBI. Agosti 9 akaondoka madarakani.

Katika mlolongo huo Felt hayumo. Mchango wake ulikuwa wa miezi ya mwanzo, pale magazeti mengi yalipoichukulia Watergate kuwa wizi mdogo. Aliwapa Woodward na wahariri wake ujasiri wa kuendelea. Huo ni mchango mkubwa, lakini usichanganywe na kazi ya majaji na wabunge.

Dai la 8: Alikuwa mtu safi, mtetezi wa haki za raia

SI KWELI, na hapa ndipo wanaomsifu hupenda kunyamaza. Siku mbili baada ya uvamizi wa Watergate, Juni 19, 1972, Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali haiwezi kunasa mazungumzo ya raia kwa kisingizio cha usalama wa ndani bila kibali cha mahakama. Hata hivyo, katika mwaka huo na ule uliofuata, Felt na mwenzake Edward Miller waliidhinisha makachero kuingia kwa siri, bila hati ya upekuzi, katika nyumba za ndugu na marafiki wa watu waliokuwa wakisakwa wa kundi la Weather Underground. Kundi hilo lilikuwa limelipua mabomu katika jengo la Bunge mwaka 1971 na Pentagon mwaka 1972. Wenye nyumba hizo hawakuwa watoro. Walikuwa jamaa na marafiki wa watoro.

Kwa maneno mengine, wakati anamsaidia Woodward kuwafichua watu waliovunja ofisi usiku, Felt alikuwa anaidhinisha uvunjaji wake mwenyewe. Mwaka 1976 alikiri hadharani na kujitetea kwamba alifanya hivyo kwa usalama wa nchi. Alishtakiwa mwaka 1978. Novemba 6, 1980, yeye na Miller walipatikana na hatia ya kula njama ya kukiuka haki za kikatiba za raia. Wangeweza kufungwa hadi miaka 10. Wakatozwa faini: Felt dola 5,000, Miller dola 3,500. Rais Ronald Reagan akawasamehe mwaka 1981, kabla rufaa yao haijaamuliwa.

Dai la 9: Nixon alimwandama hadi mwisho

SI KWELI, na kisa chenyewe kinashinda filamu. Katika kesi hiyo ya 1980, shahidi mmoja aliyepanda kizimbani kuutetea upande wa Felt alikuwa Richard Nixon. Aliieleza mahakama kwamba marais waliomtangulia pia waliruhusu mbinu za aina hiyo kwa ajili ya usalama wa taifa. Msamaha wa Reagan ulipotangazwa, Nixon alimpelekea Felt chupa ya shampeni. Nixon alifariki mwaka 1994, miaka 11 kabla ya Felt kujitaja.

Dai la 10: Siri ilitunzwa zaidi ya miaka 30

KWELI, ingawa nusura itoke mwaka 1976. Felt alikuwa akihojiwa na jopo la raia wanaochunguza mashtaka kuhusu uvunjaji wa nyumba. Mjumbe mmoja wa jopo akamuuliza ghafla kama yeye ndiye Deep Throat. Felt akajibu hapana, huku uso ukimbadilika. Mwendesha mashtaka Stanley Pottinger alimsogelea, akamkumbusha kwamba yuko chini ya kiapo, na akajitolea kuliondoa swali hilo kwa kuwa halihusiani na kesi. Felt akaomba liondolewe. Pottinger alielewa kila kitu papo hapo, na hakusema hadharani.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Felt ilikuwa ndefu kuliko kazi za wengi. Alifunguka kupitia jarida la Vanity Fair akiwa na miaka 91, kumbukumbu zikianza kufifia, baada ya familia yake kumshawishi. Alifariki Desemba 18, 2008, huko Santa Rosa, California.

Hukumu

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Felt alisaidia ukweli kutoka wakati wakubwa wake walipotaka kuuzika, na anastahili sifa kwa hilo. Vilevile alivunja haki za raia wasio na hatia kwa amri yake mwenyewe, na mahakama ilimtia hatiani kwa hilo. Hakuna tendo kati ya hayo mawili linalofuta jingine.

Basi ukisikia tena hadithi ya kigogo wa polisi aliyeiokoa nchi peke yake, usikimbilie kumjengea sanamu. Uliza ni jaji gani aliyedai ushahidi, ni kamati gani ya bunge iliyowaapisha wakubwa, na ni gazeti gani lililothubutu kuchapa. Nchi isiyo na hao, hata ikiwa na akina Felt kumi, itabaki na minong'ono tu.